Haki ya Siku ya Kuvuna

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.), Mola wa viumbe vyote, anayeteremsha mvua na kuotesha kwayo mimea ya kila namna. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake, masahaba zake na kila anayefuata mwenendo wao mpaka Siku ya Malipo. Ama baad.



Maneno haya niliyasema kwanza katika darsa yetu ya Alhamisi baada ya Maghrib. Ndugu aliyekuwa na zamu alibanwa na mtihani, nami nikaambiwa saa kumi jioni kwamba nizungumzie shukrani. Sikuwa na kitabu mkononi. Nilikuwa na mfuko wa mboga alionipa Mama asubuhi niwapelekee wenzangu, basi nikauweka mbele ya watu nikaanzia hapo. Mhariri ameniomba niyaandike, na humu nimeongeza yale ambayo siku ile niliona haya kuyasema.

Nyumbani kwetu ni Gahanga, huku Kicukiro, upande ambao barabara huteremka kuelekea Nyabarongo na Bugesera. Kiwanja chetu si kikubwa. Nyuma ya jiko Mama ana akarima k'igikoni, kibustani cha jikoni, kama zilivyo nyumba nyingi za nchi hii: tuta la mviringo lililopandishwa ngazi kwa ngazi kwa mawe, katikati shimo la maganda na majivu, na kando yake vituta vinavyofuata mteremko hadi kwenye ua. Viongozi wa midugudu wamezihimiza bustani hizi kwa miaka mingi ili watoto wapate mboga, na zipo Jumamosi za umuganda ambazo watu huenda kumtengenezea moja mtu asiye na nguvu. Kwa hiyo sisimulii jambo geni. Wengi wenu mnayo kwenu, na labda mmeipita leo asubuhi bila kuitazama.

Asubuhi moja baada ya swala ya Alfajiri niliketi na daftari nikahesabu kilichoota pale. Nilipata aina 19, bila migomba, ambayo Mama husema si ya bustani bali ni ya ua. Kulikuwa na dodo, yaani mchicha, ya majani ya kijani na ya majani mekundu. Isogi, ambayo pwani wanaiita mgagani, chungu kiasi kwamba watoto huikimbia na wazee huisubiri kwa hamu. Nyanya chungu. Karoti, bitiruti, vitunguu, liki, seleri. Maharage yanayopanda miti. Viazi vitamu vile vya rangi ya chungwa ndani. Magimbi, pale maji ya kuoshea vyombo yanapotuama. Boga lililopanda juu ya banda la kuku bila kumwomba mtu ruhusa. Na mpilipili mmoja tu, mkali, unaotosha mtaa mzima.

Mimea yote hiyo hunyweshwa kwa jirikani moja, kutoka bomba moja. Udongo wake ni huu huu mwekundu unaoharibu soksi zetu kila mvua inaponyesha. Katika Surat Ar-Ra'd, aya ya 4, Allah anatuelekeza tutazame vipande vya ardhi vilivyopakana, na mizabibu, na nafaka, na mitende, jinsi vinavyonyweshwa maji ya aina moja kisha vikatofautiana ubora vinapoliwa. Na anatuambia kwamba humo mna ishara kwa watu wanaotumia akili. Nimeisikia aya hiyo tangu madrasa. Lakini siku niliyoketi na daftari ndipo nilipoiona ikiwa mbele yangu, yenye umande.

Nina rafiki anayesoma biolojia. Alinieleza kwamba maharage yana vinundu kwenye mizizi, na ndani ya vinundu hivyo wanaishi bakteria wanaochukua naitrojeni kutoka hewani na kuulisha mmea. Dodo iliyo hatua moja pembeni haina wasaidizi hao, inategemea ilichokikuta ardhini. Nikamuuliza: sasa ni nani aliyeiambia bitiruti ichukue wekundu ule, na karoti iliyo jirani yake ichukue uchungwa? Akaanza kunitajia majina ya kemikali, nami nikamwacha amalize, maana ni elimu na elimu ina heshima yake. Alipomaliza nikarudia swali. Akacheka, akasema hilo halimo kwenye mtihani.

Imam Ghazali, katika kitabu cha subira na shukrani kilicho ndani ya Ihya, anasema kwamba shukrani hujengwa kwa mambo matatu: elimu, hali ya moyo na kitendo. Ujue neema na ujue inatoka kwa nani, moyo uifurahie kwa sababu ya Mtoaji wake, kisha uitumie katika lile Analolipenda. Mfano wake mmojawapo ni chakula. Analifuata tonge hadi kwenye mbegu, udongo, maji, jua, na mikono ya mafundi wote waliofanya kazi mpaka likafika kinywani. Sisi wanafunzi tuna bahati ya elimu ile ya kwanza, tunalipiwa au tunajilipia tuipate. Ya tatu ndiyo iliyonishinda, na nitafika huko.

Kwanza tuzungumzie manung'uniko. Tunajuana, wa hosteli na wa vyumba vya kupanga. Jumatatu kawunga na maharage, Jumanne maharage na kawunga, na mtu akipata wali siku ya Ijumaa anaupiga picha kwanza. Tuliosoma bweni hatujaisahau impungure. Kuna ndugu mmoja kati yetu ambaye kila tukinung'unika hutukumbusha Bani Israil, katika Surat Al-Baqara, aya ya 61, walipomwambia Nabii Musa (A.S.) kwamba hawawezi kuvumilia chakula cha aina moja, wakataka mboga, matango, vitunguu saumu, dengu na vitunguu maji. (Hicho cha tatu wapo wafasiri walioona kuwa ni ngano.) Ukisikia hivyo haraka haraka utadhani kutamani aina nyingi za chakula ni utovu wa adabu. Sivyo nilivyofundishwa. Dengu haina kosa, wala kitunguu. Wale walikuwa wametolewa utumwani, wakateremshiwa manna na salwa bila kutoa jasho, kisha wakamtaka Musa amwombe Mola wake, kana kwamba si Mola wao pia. Kosa lilikuwa katika ulimi na moyo. Matango waliyoyataka yamo katika ardhi ya Allah, na mimi ninayala kwa nafasi yangu, alhamdulillah.

Na Mtume wetu (S.A.W.) hakukitia chakula dosari, akikipenda alikula, asipokipenda alikiacha. Lakini alikuwa na alivyovipenda. Anas bin Malik (R.A.) alisimulia jinsi fundi cherehani mmoja alivyomwalika Mtume kwa mkate wa shayiri na mchuzi wenye boga na nyama iliyokaushwa, akamwona Mtume akivifuata vipande vya boga pembezoni mwa chombo. Tangu siku hiyo Anas akalipenda boga. Kila nikiliona lile lililopanda banda la kuku namkumbuka Anas, kijana aliyependa mboga kwa sababu tu aliona mkono wa nani unaiendea.

Thamani ya aina zile 19 niliijua mwaka 2020. Machi ile nchi ilipofungwa tulirudishwa nyumbani, na Ramadhani ikaingia mwishoni mwa Aprili misikiti ikiwa imefungwa. Tarawehe tuliiswali sebuleni, mimi mbele, Mama na dada zangu nyuma. Kaka yangu mkubwa ni dereva wa moto, na pikipiki za abiria zilikuwa zimezuiwa, kwa hiyo fedha iliyokuwa ikiingia nyumbani ilikatika siku moja. Mchele ulikwisha mapema. Tulifuturu kwa kilichokuwa nyuma ya jiko. Leo magimbi na majani ya maboga, kesho viazi vitamu na dodo, keshokutwa maharage yenye nyanya chungu na pilipili. Sikumbuki kama tulilala na njaa, wala sikumbuki kama tulikula chakula kimoja siku 2 mfululizo. Na katika hali hiyo Mama aliendelea kugawa. Watu walikuwa wakija uani na kuondoka na majani, na hakuna siku alipowaambia kwamba mwaka huu ni mgumu.

Mtu aliyefuturu kwa bustani ile mwezi mzima aliing'oa miezi 9 baadaye. Mtu huyo ni mimi.

Februari 2021 Kigali ilikuwa imetoka kufungwa kwa mara ya pili, na mimi nilikuwa nimepungukiwa ada. Ninasoma uhasibu, na msomaji wa uhasibu huona namba hata pasipo na namba. Nilichukua daftari lile lile nikaandika kando ya kila mmea bei yake katika soko la Ziniya. Isogi: sifuri, maana tunaigawa. Dodo: karibu na sifuri. Boga: tunalila wenyewe. Nilipofika kwenye nyanya kalamu ilisimama. Nikamwambia Mama kwamba bustani yake ni fujo, kwamba sehemu ile ikipandwa nyanya tupu, miche 120 kwa mistari iliyonyooka, italipa ada yangu na chenji itabaki.

Mama alinisikiliza mpaka mwisho. Akauliza jambo moja tu: "Na wale wanaokuja uani?"

Nikamjibu kwamba wataendelea kuja, tutawauzia kwa bei nafuu. Hakuongeza neno. Baba alifariki nikiwa mdogo. Mwanamke aliyelea peke yake, mwanawe wa chuo kikuu akisimama mbele yake na daftari, atasema nini? Niling'oa kwa siku 2. Isogi ilikuwa bado haijatoa mbegu, nayo niliitupa shimoni pamoja na mizizi yake. Nilibakiza magimbi kwa sababu yalikuwa mbali, na boga kwa sababu sikulifikia.

Nyumba ya tatu chini yetu anaishi bibi mmoja na mjukuu wake. Si Muislamu, ni jirani, na haki ya jirani mnaijua. Hakuwa na desturi ya kupiga hodi mlangoni. Alikuja upande wa ua na beseni lake la plastiki, akaita, na Mama akamchumia. Miezi ile mjukuu alikuwa na mwaka mmoja na kidogo. Mshauri wa afya wa mudugudu alikuwa amempima mkono kwa ule utepe wa rangi tatu, ukasimama kwenye njano. Kituo cha afya kilimpa unga wa Shisha Kibondo, na bibi akaambiwa amwongezee mtoto mboga za majani, maharage na mayai. Njano si nyekundu, lakini kila mama wa mtaa anajua kwamba kutoka njano kwenda nyekundu si mbali. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2019 na 2020 ulikuta kwamba kati ya watoto 100 wa Rwanda walio chini ya miaka 5, 33 wamedumaa. Namba hiyo ninayo kichwani tangu mwaka wa kwanza, tuliipewa kama zoezi la takwimu. Nilipata alama nzuri.

Siku aliyokuja, nilikuwa peke yangu nikifunga miche kwenye vijiti. Alisimama nje ya ua akatazama tuta zima, huku na huku.

"Mwanangu, mboga zimekwenda wapi?"

"Bibi, msimu huu ni nyanya," nikamwambia. "Zikiiva nitakuuzia kwa bei ya jirani."

"Haya. Mungu azibariki," akasema. Akalibana beseni kwapani akateremka.

Hilo neno "nitakuuzia" ndilo nililoshindwa kulisema siku ya darsa. Mfuko wa mboga ulikuwa mbele yangu, nikatazama isogi iliyokuwa juu yake, nikarukia aya nyingine.

Aprili mvua ilinyesha mfululizo, siku zenye baridi na ukungu ambazo Gahanga huwezi kuona ng'ambo ya bonde. Jumamosi niliona madoa ya kahawia kwenye majani machache. Jumatatu mashina yalikuwa yameungua kama yaliyomwagiwa maji ya moto. Ni ule ugonjwa ambao wakulima wetu huuita mildiyu, kwa jina la Kifaransa. Nilikimbilia dawa nikiwa nimechelewa. Katika miche 120 nilivuna ndoo moja na nusu ya nyanya za kijani, na ada ikalipwa na mjomba wangu kwa mkopo ambao bado sijaumaliza.

Baadaye nilisoma kwamba kimelea hicho hicho ndicho kilichoingia katika viazi vya Ireland mwaka 1845. Maskini wa kule walikuwa wakiishi kwa viazi karibu peke yake, na kwa sehemu kubwa viazi vya aina moja, kwa kuwa ndivyo vilivyozaa sana katika vijishamba vidogo walivyoachiwa. Ndani ya miaka michache walikufa watu kiasi cha milioni 1, na wengine wengi wakaihama nchi. Mwaka 1847 Sultani Abdülmecid wa dola ya Uthmaniya aliwapelekea msaada wa pauni 1,000. Ninalitaja hilo kwa sababu tunapenda kujivunia historia hiyo, na ina haki ya kutajwa. Ila mimi niliisoma nikiwa mtu aliyemnyima jirani yake majani ya isogi, kwa hiyo haikunipa fahari yoyote.

Katika Surat Al-Qalam, kuanzia aya ya 17, kuna kisa cha wenye shamba walioapa kwamba watavuna alfajiri, wala hawakusema insha Allah. Wakaondoka wakinong'onezana kwamba leo asiingie humo maskini yeyote. Usiku wakiwa wamelala, shamba lilikuwa limezungukwa na balaa kutoka kwa Mola wao, wakakuta jeusi. Wapo walionisikia nikisimulia habari ya nyanya wakaniambia: umeona, Allah amekuadhibu. Mimi sisemi hivyo, na ninawaomba msiwe wepesi wa kusema hivyo juu ya mtu. Mildiyu wiki ile iliingia pia kwa mzee mmoja wa mtaa wetu ambaye hajawahi kumrudisha mtu mikono mitupu. Ya ghaibu anayajua Allah. Ninachokiona katika kisa kile ni kwamba wale watu walikuwa wamekwisha kukosea walipokuwa wakiapa, shamba likiwa bado zima na zuri. Hata nyanya zangu zingeiva zote, zikauzwa Ziniya kwa bei niliyoiandika, beseni lile lingekuwa limerudi tupu vile vile. Na mmoja wao, aliyekuwa mbora wao, alikuwa amewaonya mapema wamtakase Mola wao. Mimi nilikuwa na swali la Mama.

Hapo ndipo nilipoirudia aya ya 141 ya Surat Al-An'am. Allah anataja humo bustani zinazotambaa juu ya chanja na zisizotambaa, mitende, mimea yenye matunda ya ladha tofauti, mizaituni na mikomamanga inayofanana na isiyofanana. Kisha, baada ya kutupitisha katika wingi huo wote, anatuamrisha tule, tutoe haki yake siku ya kuvuna, na tusifanye israfu. Ni haki gani hiyo? Sura hii ni ya Makka, na viwango vya zaka viliwekwa Madina. Kwa hiyo wapo wanazuoni waliosema makusudio ni zaka yenyewe, wapo waliosema amri hiyo ilikuja kabla kisha zaka ikachukua nafasi yake, na wapo wa mwanzo, akiwemo Mujahid, walioielewa kuwa ni kile unachompa maskini aliyehudhuria unapovuna. Kuhusu mboga za bustani, wafuasi wa Imam Shafi'i hawaoni zaka ndani yake kwa kuwa si chakula kikuu cha kuwekwa ghalani. Imam Abu Hanifa aliona kila kinachotolewa na ardhi kina fungu lake, moja ya kumi kikinyweshwa na mvua. Mimi nilijificha nyuma ya kauli ya kwanza: mboga hazina zaka, basi sidaiwi kitu. Mhasibu ndani yangu alifurahi. Lakini Mtume (S.A.W.) alimuusia Abu Dharr (R.A.) akipika mchuzi aongeze maji na awaangalie majirani zake. Mchuzi nao hauna nisabu.

Mwezi wa Juni nilikwenda kwa bibi yule kumwomba radhi. Nilikwenda mikono mitupu, maana sikuwa na kitu cha kubeba. Dodo ilikuwa imeota yenyewe katikati ya mabaki ya nyanya, lakini ilikuwa bado midogo, na isogi haikurudi. Nilimkuta ameketi kizingitini akipembua maharage, mtoto mgongoni. Nikamweleza nilichokuja nacho. Hakuonyesha kama alikuwa na kinyongo wala kama hakuwa nacho. Aliniuliza tumepanda nini sasa. Nikasema hatuna mbegu za isogi.

Aliingia ndani akatoka na kitambaa kilichofungwa fundo. "Hizi ni za mama yako," akaniambia. "Kila aliponipa majani niliacha shina moja mbele ya nyumba likakomaa. Chukua nusu."

Nilirudi nazo mkononi. Mama alipoliona fundo lile hakuuliza limetoka wapi, alilitambua kitambaa.

Leo bustani ina aina 16. Liki bado sijaipata, na bitiruti nimeipanda mara 2 ikaliwa na kuku. Utepe wa mtoto ulifika kwenye kijani mwaka ule ule, na nisijidanganye kwamba ni kwa ajili yangu: bibi alihangaika, kituo cha afya kilisaidia, na Allah ndiye aliyejaalia. Pilipili zetu siku hizi huchumwa usiku na watu tusiowajua. Mama husema katika Hadithi aliyoipokea Muslim, anachokula mtu, mnyama au ndege katika ulichokipanda ni sadaka, na hata kilichoibiwa, basi tulale.

Najua wengi wenu hamna ardhi, mnalipia chumba chenye dirisha moja. Ndugu wanne wanaopanga karibu na kituo cha mabasi cha Nyanza wamejaza udongo katika magunia 2 na jirikani moja iliyokatwa, wakapanda dodo, vitunguu vya majani na seleri kwenye baraza. Mwenye nyumba alilalamika wiki ya kwanza. Wiki ya sita alikuja kuomba seleri.

Nina mbegu za isogi katika bahasha, ni zile zile za kitambaa, zimeshazaa mara kadhaa. Ijumaa hii baada ya swala nitakuwa mlangoni, pale tunapovulia viatu. Zipandeni juu juu, msizifukie sana, na acheni shina moja likomae.

Wabillahi tawfiq.